Kufyeka vichaka upate shamba la chakula cha wanyamapori: panga, trekta, buldoza, mbuzi, dawa au moto?

Watu wengi wakishaamua kutenga kipande cha ardhi wapande kunde, klova (mmea mfupi wa malisho wa jamii ya kunde), mtama au alizeti kwa ajili ya wanyama wa porini, kitu cha kwanza wanachouliza ni "nikodi mashine gani". Mi naona swali hilo linakuja mapema mno. Kuangusha kichaka sio shida, shida ni kile kinachobaki chini: visiki, mizizi, na mbegu za magugu zilizolala kwenye udongo miaka na miaka zikisubiri jua lizifikie. Njia inaweza kukupa eneo jeupe kabisa jioni ile ile, afu msimu unaofuata kichaka kimerudi kimeshonana kuliko mwanzo, manake shina moja limekatwa yakatoka sita. Hapo hukufyeka, umelipia kupogoa.

Jambo lingine watu wanalipita: kichaka chenyewe ni chakula na ni maficho. Machipukizi mateke, matunda ya porini, kivuli cha mchana, pa kufichia watoto, vyote viko humo. Shamba la chakula bila kichaka pembeni wanyama wanalijia usiku tu, au hawalijii kabisa. Kwa hiyo kabla hujaita mtu yeyote mwenye injini, zunguka na utepe wa rangi ufunge kwenye miti ya matunda na mikubwa yenye kivuli unayotaka ibaki, uache ukanda wa kichaka kuzunguka eneo, usiguse kingo za mto wala mteremko mkali, na umbo la shamba liwe la kupindapinda sio mraba kama uwanja wa mpira. Na angalia jua, eneo lisilopata angalau masaa manne mpaka sita ya jua kwa siku tafuta lingine tu.

Tunapima kwa nini

Njia zote sita nitazipima kwa mambo yale yale. Kwanza kasi, ambayo inategemea ukubwa wa eneo na unene wa mashina (shina la unene wa kidole na shina la unene wa paja ni kazi mbili tofauti kabisa). Pili mizizi, yaani baada ya kazi kinachipua au hakichipui. Tatu udongo, manake udongo wenye rutuba ni ile tabaka ya juu, mara nyingi sentimita 10 mpaka 20 hivi, ukiipoteza hiyo umebaki unapanda kwenye udongo mfu. Nne mfuko, pesa na mikono. Tano hatari. Mwisho inamfaa nani.

Majira yanahusu njia zote. Mti au kichaka kinaweka akiba ya chakula kwenye mizizi, na akiba hiyo inakuwa chini kabisa pale majani mapya yakishatoka tu, kwa sababu ndo imetumika kuyatoa. Ukikata wakati huo unakipiga kikiwa hakina kitu mfukoni. Ukikata kikiwa kimelala kinaamka na nguvu zote. Ila sasa wakati wa majani mapya mara nyingi ndo ndege wanataga, kwa hiyo kagua kwanza, na penye viota ruka urudi baadaye.

1. Mikono: panga, shoka, msumeno, na mashine ya kufyekea ya begani

Kasi: pole pole, hakuna kuzunguka. Kwa robo ekari, yaani kama mita za mraba 1,000, watu wachache wanamaliza vizuri tu. Ukianza kuongelea hekta nzima ya miti yenye mashina manene, watu wanachoka kabla kazi haijafika nusu. Mashine ya begani inasaidia sana lakini weka bleedi sahihi, ile kamba ya nailoni ni ya majani, ukiipeleka kwenye mashina unachosha injini bure. Bleedi ya meno kama msumeno inakula mashina mpaka unene wa kifundo cha mkono hivi, zaidi ya hapo chukua msumeno wa mnyororo.

Mizizi: inabaki yote, lakini njia hii inakupa kitu ambacho mashine kubwa haikupi, unasimama juu ya kila kisiki. Vidogo unaving'oa na sururu udongo ukiwa na unyevu, vya wastani unachimba, vigumu unapaka dawa papo hapo (nitafika huko). Na kata chini kabisa, kata bapa. Watu wanapiga panga la mshazari wanaacha kisiki chenye ncha kama mkuki, hicho kinatoboa tairi ya trekta baadaye na kinachoma miguu na vifua vya wanyama hao hao unaowaita waje kula.

Udongo: salama kabisa, ndo njia inayougusa kidogo kuliko zote ukitoa mbuzi wachache.

Mfuko: vifaa sio ghali, kinachoenda ni jasho na siku. Kama nguvu kazi ni ya kulipa, eneo likikua gharama inapita ya trekta bila wewe kugundua.

Hatari: mashine ya begani inarusha mawe na vipande, watu wengine wakae angalau mita 15. Bleedi ikigonga shina gumu kwa upande wake wa mbele kulia inaruka kwa nguvu kurudi, kwa hiyo kata kwa upande wa kushoto wa bleedi. Miwani, buti, suruali nzito. Afu kuna nyigu, nyoka, kupe, hao hawahitaji maelezo.

Inamfaa: mwenye eneo dogo, mteremko, mawe mengi, karibu na maji, au anayetaka kuchagua mti kwa mti nini kiondoke nini kibaki. Kwenye kuchagua hakuna njia inayoizidi.

2. Trekta na slasha

Slasha ni ile mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta. Kasi: hapa ndo watu wanapenda. Eneo la wazi lenye vichaka vyembamba trekta linapita kama linafagia. Lakini slasha zina madaraja, zile nyepesi zimetengenezwa kwa shina la sentimita 2 na nusu hivi, za wastani kama 5, zile nzito ndo zinafika 7 na kuendelea. Muulize mwenye trekta slasha yake ni ya unene gani kabla hajaja, usimuulize akiwa ameshavunja pini ya shafti (ile fimbo inayopeleka nguvu ya trekta kwenye slasha) shambani kwako.

Mizizi: hapa ndo udhaifu mkubwa. Slasha inakata juu tu, na ukipita mara moja afu ukaacha, umetengeneza kichaka chenye mashina mengi zaidi. Ukiwa na trekta karibu unaweza kupita tena na tena kila kikitoa majani mpaka akiba ya mizizi iishe, hiyo inafanya kazi, ila ni mpango wa misimu miwili mitatu, sio wa wikiendi.

Udongo: haulimwi wala hausukumwi, ila ukiwa umeloa matairi yanaugandamiza, na udongo uliogandamizwa mizizi ya kunde inauona kama sakafu. Subiri ukauke.

Mfuko: kati na kati. Kama trekta lipo tayari ni rahisi, kama ni la kukodi basi kusanya kazi yote ya siku nzima.

Hatari: shafti inazunguka mara 540 kwa dakika, nguo ikinaswa hakuna muda wa kupiga kelele, kwa hiyo kifuniko cha shafti kiwepo na hakuna kushuka ikiwa inazunguka. Slasha inarusha mawe na waya wa zamani kwa kasi mbaya. Tembea kwa mguu kwanza uondoe waya, nguzo, chuma, na ufunge utepe kwenye visiki vya zamani. Kwenye mteremko trekta linapinduka, fremu ya kinga na mkanda sio mapambo.

Inamfaa: mwenye eneo la ekari moja na kuendelea, tambarare, vichaka vichanga, na mwenye uwezo wa kurudi. Shamba lililoachwa likaota vichaka miaka michache tu, hili ndo chaguo la kawaida.

3. Mashine nzito: buldoza, au ile ya kusaga vichaka

Nimeziweka pamoja kwa sababu zote zinakuja kwenye lori na zinamaliza kwa siku kazi ya mwezi, lakini zinaacha ardhi mbili tofauti kabisa na watu wanazichanganya.

Kasi: zote kubwa. Msagaji, yaani ile mashine ya kusaga vichaka, ana ngoma ya meno inayosaga mti uliosimama unakuwa vipande hapo hapo, na mashina ya sentimita 15 au zaidi yanaenda kutegemea na ukubwa wa mashine. Buldoza linang'oa chochote.

Mizizi: buldoza ndo njia pekee kwenye orodha hii inayotoa kisiki na mzizi wake kwa mkupuo, ukitaka kulima na jembe la trekta msimu huo huo hakuna mjadala. Msagaji anaacha kisiki usawa wa ardhi, mizizi iko hai, na ile miti yenye tabia ya kuchipua kutoka kwenye mizizi itakuletea msitu wa fito.

Udongo: hapa zinabadilishana nafasi. Buldoza lenye bleedi bapa linasukuma vichaka pamoja na udongo wako wa juu, rutuba yote inaishia kwenye lundo pembeni, shambani unabaki na udongo mwekundu au mweupe usio na uhai na mvua ya kwanza inakuja kumalizia. Sikatai buldoza, ila sharti ni moja, liwe na reki ya mizizi, ile yenye meno yanayoacha udongo udondoke katikati, dereva awe anajua kuitumia, na udongo uwe mkavu. Ikiwa dereva anasema "nina bleedi tu lakini nitapita juu juu", mshukuru umuage. Msagaji kwa upande wake anafunika udongo na tabaka la vipande vya mti, mmomonyoko unapungua, unyevu unakaa, vizuri sana, lakini tabaka likiwa nene mbegu ndogo kama ya klova, ambayo inatakiwa ikae nusu sentimita tu kwenye udongo, inaishia juu ya vipande na kukauka. Afu vijidudu vinavyoozesha mti vinashika nitrojeni ya udongo (kirutubisho kinachoyapa majani ukijani) kwa muda, hasa ukichanganya vile vipande na udongo kwa kulima, mimea inatoka ya njano. Dawa yake ni kutochanganya, kuvuta vipande pembeni kwenye mistari ya kupanda, au kuanza na kunde ambazo zinajitafutia nitrojeni zenyewe na mbegu yake ni kubwa inaweza kuzama sentimita 2 mpaka 4.

Mfuko: ghali zote mbili, na kusafirisha mashine pekee ni pesa, kwa hiyo eneo dogo halilipi. Buldoza lina gharama ya pili iliyojificha, yale malundo. Utachoma, utazika, au utaacha. Kuacha moja mawili sio mbaya, sungura na kwale wanayapenda kama maficho.

Hatari: msagaji anarusha vipande mbali mno, kaa nje ya mita 90 hivi au umbali aliosema mtengenezaji. Buldoza hatari yake kubwa zaidi ni kwa ardhi.

Inamfaa: buldoza ni kwa mwenye eneo kubwa lenye miti minene, anayetaka kulima kabisa na yuko tayari kulipa dereva mzuri. Msagaji ni kwa mwenye ardhi yenye hatari ya mmomonyoko, au anayetaka njia na nafasi kati ya miti bila kuacha makovu.

4. Mbuzi

Kasi: inategemea idadi, na hapa watu wanakosea hesabu. Mbuzi wachache kwenye eneo kubwa wanachagua wanachopenda na kuacha unachotaka kiondoke. Mbuzi wengi kwenye kipande kidogo kilichozungushiwa fensi kwa siku chache, afu unawahamisha, hao wanakula mpaka ganda. Wanasimama na miguu ya nyuma wanafika karibu mita 2 juu. Shina lenyewe wanaliacha, kwa hiyo mwishoni bado kuna mtu na panga.

Mizizi: mara ya kwanza kinachipua, mara ya pili kinachipua kidogo, wanavyorudi kila majani yakitoka ndo akiba ya mizizi inakwisha, pamoja na lile ganda walilobandua linaua hata miti michanga. Ni kazi ya misimu. Faida ni kwamba hawachoki na hawaombi mafuta.

Udongo: wanaacha samadi na kwato zinapondaponda majani makavu yaingie kwenye udongo. Wakikaa sana mahali pamoja, hasa mteremko na mvua, wanauacha uchi. Ndo maana ya kuhamisha.

Mfuko: kama unao tayari, karibu bure. Kama huna, gharama kubwa ni fensi, maji na mtu wa kuwaangalia. Fensi ya neti ya umeme inayohamishika ndo inarahisisha kila kitu.

Hatari: kagua mimea kwanza. Lantana, ambayo imejaa vichakani dunia nzima siku hizi, inaharibu ini na ngozi inaungua kwa jua, na oleanda, ule mmea wa maua wa bustani, unaua. Mbuzi wakija kutoka kwenye shamba lenye magugu waweke pembeni siku chache kwanza, mbegu zinapita tumboni zikiwa hai. Lakini kwenye shamba la wanyamapori kuna hatari kubwa zaidi ambayo sioni ikiongelewa vya kutosha, nayo ni magonjwa. Mwaka 2017 ugonjwa wa sotoka ya mbuzi na kondoo uliingia kwa swala aina ya saiga huko Mongolia ukaua maelfu. Kama eneo lako lina swala, mbuzi wa porini au kondoo wa porini, mbuzi wako wawe wamechanjwa na wamekaguliwa na daktari wa mifugo, na wasitumie maji pamoja na wanyama wa porini. Kama huwezi kuhakikisha hilo, ruka njia hii.

Inamfaa: mwenye muda, mwenye vichaka vya miiba ambavyo mtu hawezi kuingia, mteremko ambao trekta haliendi, na asiyetaka kelele wala kemikali.

5. Dawa ya kuua magugu

Hii peke yake haisafishi eneo, inaua kichaka kikiwa kimesimama na mifupa yake inabaki. Naiweka kama njia kwa sababu ndo inayomaliza mizizi bila kuchimba.

Kasi: kupuliza ni haraka, kusubiri ndo kazi. Glaifoseti, dawa ya magugu inayotumika sana, inaingia kupitia majani mabichi na kushuka mpaka mizizini, kwa hiyo inataka mmea unaokua, majani yasiyo na vumbi, usio na kiu. Puliza kwenye ukame uone, majani yanakauka na mzizi unacheka. Subiri dawa ifike mizizini kwanza, angalau wiki moja mpaka mbili, ndo ukate. Na maji ya kuchanganyia yawe safi, glaifoseti inashikwa na udongo, ukichota maji ya matope nusu ya dawa imeshakufa kwenye pampu.

Mizizi: ndo nguvu yake. Njia ninayoipenda kuliko kupuliza eneo zima ni kupaka kisiki. Kata, na ndani ya dakika chache paka dawa kwenye duara la nje, pale ganda linapokutana na mti, katikati ya kisiki kikubwa ni mti mfu, hapahitaji dawa. Ukienda kunywa chai kwanza kisiki kimeshajifunga. Dawa inatumika kidogo sana na hakuna kingine kinachoguswa.

Udongo: hapa kuna tofauti kubwa kati ya dawa na dawa. Glaifoseti ikigusa udongo haiwi na nguvu tena kwa mbegu utakayopanda. Triklopiri inaua mimea ya majani mapana na ya miti, nyasi zinabaki, nzuri kwa kichaka, lakini inakaa kwenye udongo kwa wiki kadhaa na klova na kunde ni majani mapana, kwa hiyo fuata muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Pikloramu na imazapiri zinaweza kukaa kwenye udongo mwaka au zaidi, hizo kwenye shamba la chakula mi nisingeziweka kabisa.

Mfuko: ya wastani, ikiwa ni kisiki kwa kisiki ni rahisi mno.

Hatari: glavu, miwani, hakuna kupuliza na upepo. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO (Shirika la Afya Duniani) liliweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, wakala wa mazingira wa Marekani ukasema matumizi yanayofuata kibandiko hayana hatari hiyo, mabishano bado yanaendelea, wewe jikinge kama vile wa kwanza ndo yuko sahihi. Karibu na maji usitumie aina za kawaida, baadhi zina sabuni inayoua vyura na viluwiluwi.

Inamfaa: mwenye aina za miti zinazochipua kwa hasira kila zikikatwa, na anayeweza kusoma kibandiko mpaka mwisho. Haimfai anayetaka shamba la asili bila kemikali, na hakuna haja ya kumlazimisha.

6. Moto

Kasi: siku moja, ukiacha maandalizi. Vichaka vibichi haviungui vizuri, vinavyoungua ni nyasi kavu chini yake au vile vilivyokatwa vikakaa vikakauka.

Mizizi: watu wanashangaa kusikia moto hauui mizizi ya vichaka vingi. Joto linashuka haraka sana ukiingia sentimita chache kwenye udongo, macho ya kuchipulia yako chini yamekaa salama. Zaidi ya hapo baadhi ya mbegu ngumu, zile za jamii ya migunga mfano, zinapasuliwa na joto na kuota kwa wingi. Moto unafungua eneo, haumalizi kichaka.

Udongo: majivu yanaleta potashi na kalsiamu na kupunguza uchachu kwa muda, nitrojeni inapotea na moshi. Moto unaopita haraka hauna shida sana, lundo kubwa linalowaka siku mbili linapika udongo mpaka hapaoti kitu kwa muda.

Mfuko: rahisi kuliko zote ukienda vizuri. Ukienda vibaya ni ghali kuliko buldoza kumi.

Hatari: hii ndo sababu naiweka mwisho. Kibali kwanza, sheria za kuchoma ziko karibu kila mahali. Njia ya kuzuia moto iliyokwanguliwa mpaka udongo, maji, watu wanaojua, na uanzie upande ambao upepo unaelekea ili moto urudi nyuma dhidi ya upepo pole pole. Upepo ukibadilika unaahirisha hata kama umeshalipa watu chakula. Na mimea yenye sumu usiichome, moshi wake unaingia mapafuni.

Inamfaa: mwenye eneo kubwa la nyasi na vichaka vichanga, mwenye timu yenye uzoefu, hasa pale ambapo uoto wenyewe umezoea moto. Asiye na timu aache.

Kwa hali yako sasa

Karibu kila shamba zuri nililoliona limechanganya njia mbili, moja ya kuangusha na moja ya mizizi, kwa hiyo usijione unasaliti timu.

Eneo lako ni robo ekari au chini, au liko mteremko: mikono, na dawa ya kisiki kwa vile vinavyochipua. Hutaki dawa, basi chimba vidogo na vikubwa uvikate machipukizi kila yakitoka.

Una ekari kadhaa tambarare, vichaka vyembamba, trekta lipo: slasha mara ya kwanza, subiri machipukizi yafike magotini, hapo amua, upulize machipukizi hayo au upite tena na slasha mara kadhaa. Kupanda ni msimu unaofuata, usikimbilie.

Miti ni minene na unataka kulima: buldoza lenye reki, udongo mkavu, na mbegu ya kufunika udongo iwe imeshanunuliwa kabla dereva hajaondoka, ardhi isikae uchi hata wiki.

Miti ni minene lakini ardhi inamomonyoka: msagaji, uvute vipande kwenye mistari, uanze na kunde, klova ije baadaye vipande vikishaoza.

Miiba imeshonana, muda upo, pesa hakuna: mbuzi kwa misimu miwili, panga la kumalizia, kwa sharti lile la magonjwa.

Eneo limejaa mti vamizi mmoja unaochipua kutoka kwenye mizizi: usikate kwanza. Ukikata bila dawa unauchokoza, machipukizi yanatokea mpaka mita kadhaa kutoka kwenye shina. Puliza kwanza, uache ufe umesimama, ukate baadaye.

Na hujui bado unataka nini: fungua vipande viwili vidogo tu mwaka huu, kila kimoja kwa njia yake, na peleka sampuli ya udongo ipimwe sasa hivi wakati unafyeka. Klova inataka pH (kipimo cha uchachu wa udongo) kati ya 6 na 7, na chokaa ya kilimo inachukua miezi kufanya kazi, kwa hiyo ukisubiri mpaka eneo liwe jeupe ndo upime, msimu umeshakupita.